KUJENGA MFANO WA RELI YA MOMBO NA HANDENI

Wasikilizaji wetu, katika mazungumzo haya twataka kueleza namna ya kujenga reli ndogo ya mfano, iwezayo kukaa juu ya meza ya shule au barazani. Katika nchi za ng'ambo wako watu wazima wengi, wenye kazi zao na ndevu zao, ambao jioni hujifungia chumbani wakijenga reli za namna hii. Wengi wao hawapendi kujenga njia kuu. Hupenda tawi, yaani ile njia ndogo itokayo katika njia kuu ikaenda mpaka mji mmoja, na huko ikakoma. Sababu yake si ngumu kuifahamu. Njia kuu ni ndefu nayo haiingii chumbani. Bali tawi lina stesheni mbili tatu, lina mwanzo na mwisho, na mtu mwenye subira aweza kulimaliza kabla macho yake hayajachoka.

Basi nasi tutajenga tawi, na tawi letu litakuwa la kwetu: litatoka Mombo, katika wilaya ya Korogwe, liende mpaka Handeni. Twajua kwamba watu wa Handeni watastaajabu, maana mjini kwao hakuna stesheni. Ni kweli, leo haipo. Lakini wakati wa Vita Kuu ya Kwanza reli ilikuwako, na habari zake yafaa zielezwe kwanza, kwa sababu ajengaye mfano wa kitu asichokijua hujenga kitu kingine.

Reli ya Tanga ilianza kujengwa na Wadachi mwaka 1893. Ilifika Korogwe mwaka 1902, Mombo mwaka 1905, na Moshi mwaka 1911. Reli ya Kati nayo, itokayo Dar es Salaam, ilifika Kigoma mwaka 1914. Reli hizi mbili hazikuunganishwa. Wakati wa amani jambo hilo halikuwa na taabu kubwa, kwa kuwa mzigo wa Tanga uliweza kwenda Dar es Salaam kwa meli. Vita vilipoanza mwaka 1914, manowari za Waingereza zilifunga bahari, na njia ya kupitisha mizigo kutoka reli moja mpaka nyingine ikawa ni nchi kavu tu. Hapo Wadachi walichukua reli nyembamba za mashamba, wakazitandika kutoka Mombo, zikavuka mto Pangani, zikaenda mpaka Handeni. Upana wake ulikuwa sentimita 60. Juu yake vilipita vigari vidogo, yaani matoroli, navyo vilisukumwa kwa mikono ya watu. Mzigo ulipofika Handeni ulishushwa, ukabebwa na wapagazi kuelekea Reli ya Kati.

Tarehe 9 Juni 1916 palipiganwa Mkalamo, kando ya mto Pangani, na mwezi huo huo majeshi ya Waingereza yaliingia Korogwe na Handeni. Reli ile ndogo haipo tena. Reli ya Tanga na Reli ya Kati zilikuja kuunganishwa mwaka 1963, kwa njia ya kilomita 188 kutoka Ruvu mpaka karibu na Mnyuzi. Lakini njia hiyo hupita mashariki, wala haikuingia mjini Handeni.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Jambo la kwanza si msumeno wala nyundo, ni hesabu. Chagueni kipimo kimoja, mkifuate mpaka mwisho. Sisi twapenda kipimo cha sehemu moja katika 50, kwa kuwa hesabu yake ni nyepesi: kila mita moja ya nchi huwa sentimita 2 mezani. Reli ya Tanga ina upana wa mita moja. Basi mezani itakuwa sentimita 2. Reli ya matoroli ilikuwa sentimita 60. Mezani itakuwa milimita 12. Mtu wa sentimita 165 atakuwa milimita 33, na mlingoti wa mkonge wenye mita 6 utakuwa sentimita 12.

Lakini mwendo wenyewe hauwezi kufuata kipimo hiki. Hata ndege akiruka moja kwa moja kutoka Mombo mpaka Handeni hupita zaidi ya kilomita 60. Zigawanyeni kwa 50, nanyi mtahitaji meza yenye urefu wa mita 1,200, itokayo darasani ikapita sokoni na kuwazuia ng'ombe wasiende mtoni. Kwa hiyo mwendo tutaukata, na katika njia nzima tutachagua mahali patatu tu: Mombo, mto, na Handeni. Kila mahali pawe na ubao wake, urefu mita moja na upana sentimita 60. Upana usizidi hapo, kwa maana mkono wa mtoto lazima ufike upande wa pili bila kiwiko chake kuangusha miti. Mbao tatu zikifungwa pamoja huwa mita 3, na zikifunguliwa hupita katika kila mlango.

Tena chagueni wakati mmoja. Sisi tumechagua mwanzo wa mwaka 1916. Ukisha kusema mwaka, vitu vingi vyajiondoa vyenyewe. Nguzo za umeme wa Hale haziwezi kuwamo, kwa kuwa kituo kile kilianza kazi mwaka 1964. Lori la mizigo barabarani halimo. Hata marobota ya katani msiyapakie katika matoroli kwa wingi, ijapokuwa Korogwe yote ni nchi ya mkonge. Bahari ilikuwa imefungwa, na katani haikuwa na pa kwenda. Pakieni magunia ya chakula na masanduku.

Vilima vifanyeni kwa vipande vya mbao na matete, juu yake mtandaze magazeti yaliyolowekwa katika uji mzito wa unga wa muhogo. Tandazeni tabaka tatu au nne, kila moja ikauke kwanza. Vikisha kukauka, pakeni gundi, mnyunyize udongo uliochekechwa. Udongo uchukueni mahali penyewe, kwa maana rangi ya udongo wa Handeni haiuzwi dukani. Mwisho pigeni vanishi nyembamba kote, kwani mende na panya huupenda uji wa muhogo, nao hawajali kwamba umekwisha kuwa mlima. Nyuma ya Mombo kuta za milima ya Usambara zipande ghafula, ziwe ndefu kuliko kitu chochote mezani. Chini yake nchi ni kavu, yenye vichaka na mibuyu. Ubao wa mto uwe na kijani kingi kandokando. Ubao wa Handeni uwe wa vilima vidogo na miti ya mwituni, na mashamba ya mahindi na mihogo karibu na nyumba. Kwa habari ya nyumba, waulizeni wazee kabla ya kukata karatasi. Umbo la paa na mahali pa mlango si mambo ya kubahatisha.

Kwa ujenzi wa vitu vyepesi, watu wa Korogwe wana bahati ambayo wajenzi wa ng'ambo hawana. Wao hununua mti mwepesi kwa fedha. Nanyi mnao mlingoti wa mkonge. Mkonge huchanua mara moja tu kisha hufa, na mlingoti wake ukikauka huwa mwepesi, laini, wakatika kwa kisu kikali. Kuta za stesheni, mabehewa, masanduku, hata mashina ya mibuyu hutoka humo. Nyuzi za katani zilizotiwa rangi ya kijani na kukatwa fupi fupi huwa nyasi. Mimea ya mkonge yenyewe ikateni kwa karatasi ngumu, majani membamba yenye ncha, mkaipange kwa mistari iliyonyoka sana; shamba la mkonge lililopinda huonekana mara moja kuwa la uongo.

Reli hutengenezwa kwa waya ulionyoshwa. Ukishikwa na mikunjo, uvingirisheni kati ya mbao mbili mpaka unyoke. Njiti za mwavuli mbovu ni bora zaidi, maana zimenyoka tangu kiwandani. Mataruma yakateni kwa bati la debe, wala si kwa mti. Wadachi walitumia mataruma ya chuma kwa sababu ya mchwa, na reli za mashamba zilikuwa za vipande vilivyokwisha kufungwa na mataruma yake, ambavyo watu wachache waliweza kuvibeba na kuvitandika. Basi nanyi tengenezeni vipande vya sentimita 10, kisha mvitandike kimoja baada ya kimoja kama walivyofanya wao. Lehemuni waya juu ya bati, na watoto wasifanye kazi hii ya moto bila mtu mzima. Chongeni pia kibao chenye mikato miwili iliyoachana kwa milimita 12, mkipitishe juu ya reli kila mnapomaliza kipande. Reli ikipanuka kwa unene wa ukucha, kigari huanguka, na mjenzi hulaumu gurudumu.

Magurudumu twayapata katika penseli. Chukueni penseli ya mviringo, mkaikate vipande vyembamba kama shilingi, mkasukume nje ile risasi nyeusi ya katikati. Tundu la ekseli liko tayari. Kila kipande kigandishieni kibati cha mviringo kilicho kipana kidogo kuliko penseli yenyewe, ndicho kizuiacho gurudumu lisitoke relini. Ekseli ni pini. Juu yake wekeni ubao mdogo wa sentimita 4, na kigari kimekwisha.

Hapo atatokea mtu, nasi twamjua, atakayesema: reli bila injini haipendezi, tutie injini. Twamsihi asitie. Injini iwekwe katika reli ya Tanga, pale Mombo, imesimama mbele ya behewa lake. Huko ndiko mahali pake. Katika tawi la Handeni injini ingependeza, lakini ingefuta watu. Kazi yote ya njia ile ilikuwa katika migongo na mikono, nao walioifanya hawakujengewa ukumbusho njiani, wala wengi wao hawakwenda kwa hiari yao. Tengenezeni basi watu kwa waya na udongo wa mfinyanzi, kila mmoja milimita 33, mikono imenyoshwa mbele, na kila kigari kiwe na watu wake nyuma. Watu hawa huchukua siku nyingi kuliko reli yenyewe. Msikate hesabu yao.

Kwa kuwa njia yenyewe haikuwa na injini, mfano nao hauhitaji umeme wala kamani. Kidole cha mtoto chatosha. Lakini ubao wa Handeni uinueni kidogo, kwa kuwa Handeni iko juu kuliko mto: sentimita 2 kwa kila mita moja ya ubao. Pakieni kigari vijiwe, mkisukume mpaka juu, kisha mkiachilie. Kitarudi chenyewe mpaka mtoni. Mwanafunzi aliyekiona kikirudi mara tatu hatahitaji mwalimu amweleze kwa nini watu wa nyuma wameinama vile.

Mahali panapotaka uangalifu kuliko pote ni Mombo. Hapo reli mbili zaonana lakini haziungani. Moja ni sentimita 2, nyingine milimita 12, na hakuna gari liwezalo kuhama kutoka hii kwenda hii. Zitandikeni sambamba, karibu karibu, ili mtazamaji aone tofauti kwa jicho lake. Kati yake pawe na uwanja mwembamba, na katika uwanja huo kila gunia lipite begani mwa mtu. Wekeni mizani, magunia yaliyokwisha kuhesabiwa upande mmoja, yasiyohesabiwa upande wa pili, na karani mmoja mwenye daftari. Tumwagie mchele kidogo chini, mahali gunia lilipopasuka. Vitu vidogo kama hivi ndivyo humfanya mtazamaji ainame atazame tena, na akiinama ataona yaliyobaki.

Daraja la mto lijengeni kwa vijiti, kwa nguzo nyingi za karibu karibu, wala msilipambe. Maji ni kioo kilichopakwa nyuma rangi ya udongo. Mto Pangani si wa buluu.

Imebaki Handeni. Reli ikomee kwa gogo lililowekwa juu yake kwa kukingama. Karibu na gogo pawe na banda wazi la makuti au nyasi, na magunia yakifunguliwa na kugawanywa upya, kwa kuwa mzigo wa mpagazi mmoja ulikuwa kama ratili 60. Kutoka bandani ichoreni njia nyembamba ya miguu, ipite kati ya miti, iende mpaka ukingoni mwa ubao. Juu yake wapangeni wapagazi mmoja nyuma ya mwingine, mizigo kichwani, na yule wa mbele kabisa mguu wake mmoja uwe karibu kutoka nje ya meza.