«Mazuku»: Neno la Kiswahili katika Maandishi ya Jiolojia

Jiolojia ni elimu ichunguzayo miamba na mambo yatendekayo chini ya ardhi. Nchini Kongo elimu hiyo iliandikwa kwa lugha za kigeni tangu mwanzo. Jules Cornet, Mbelgiji aliyefika Katanga mwaka 1892 kuchunguza madini, aliandika kwa Kifaransa. Ripoti na ramani za serikali nazo zimefuata zaidi mkondo huo hata leo. Aghalabu, basi, istilahi hutoka katika Kifaransa na kuingia katika Kiswahili. Neno «mazuku» limekwenda kinyume. Limetoka vinywani mwa wakazi wa kando ya ziwa Kivu, likaingia katika majarida ya wataalamu wa volkano, ambao hulitumia bila kulitafsiri.

Mazuku ni nini? Kaskazini mwa ziwa hilo, hasa baina ya Goma na Sake, gesi ya kabonidayoksaidi hutoka ardhini kwa kupitia nyufa za miamba. Gesi hiyo haionekani wala hainuki. Kwa kuwa uzito wake ni kama mara moja na nusu ya ule wa hewa, hutuama mabondeni na mashimoni mithili ya maji, hasa usiku na alfajiri, upepo unapotulia. Ndiyo maana mbuzi huweza kufa mahali ambapo mtu mzima amesimama salama. Mtoto mdogo, au mtu aliyelala chini, yumo hatarini sawa na mbuzi huyo.

Uchunguzi wa mambo hayo umekabidhiwa Kituo cha Uchunguzi wa Volkano cha Goma, chombo cha serikali kilichoundwa mwaka 1986. Kituo hicho huangalia milima ya Nyamulagira na Nyiragongo. Nyiragongo ulilipuka mwaka 1977, mwaka 2002 na mwaka 2021. Mara zote tatu lava, yaani miamba iliyoyeyuka, ilitoka katika nyufa za ubavuni mwa mlima. Mwaka 2002 ilipita katikati ya mji wa Goma hadi ziwani.

Tarehe 27 Mei 2021, siku tano baada ya mlipuko wa mwisho, wakuu wa jimbo waliamuru wakazi wa sehemu kadhaa za Goma wahame. Wengi walielekea Sake, kwa barabara ipitayo katika eneo lile lile la mazuku, na wengi wakalala nje. Saa kama hiyo lugha ya ripoti huwa jambo la uhai. Rangi nne za tahadhari, yaani kijani, manjano, machungwa na nyekundu, hueleweka na watu wote. Lakini rangi huonyesha kiasi cha hatari tu, haimwambii mama amlaze mtoto wapi. Hilo huhitaji sentensi nyepesi: «Usilale bondeni, usimlaze mtoto chini penye mazuku.»

Hapa ndipo idara za Kiswahili zina kazi ya kufanya pamoja na wanajiolojia. Kwanza, kukusanya maneno ambayo wakulima, wavuvi na wachimbaji wanayatumia tayari kuhusu ardhi, kabla ya kubuni mapya. Pili, kuandika muhtasari wa Kiswahili kwa kila ripoti inayohusu usalama wa watu. Wakazi wa Kivu wamekwisha kuipa sayansi neno lao. Wanastahili kurudishiwa maelezo yake kwa lugha waliyolitamkia.