Mgodi, Mtego na Mlinzi: Bomu la Kutegwa Majini na Kituo Kinacholichunga

Utangulizi

Mji wa Gilgil umo katika Bonde la Ufa, baina ya Naivasha na Nakuru, kwenye mwinuko wa takriban mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Kutoka hapo hadi bandari ya Kilindini ni safari ya zaidi ya kilomita 500. Mkaazi wa Gilgil anaijua kambi ya jeshi, anaijua reli, analijua Ziwa Elmenteita na weupe wa machimbo ya Kariandusi. Bahari ni habari ya mbali. Huenda basi ikaonekana ajabu kuuanzia huko mjadala wa silaha ya baharini. Hata hivyo, neno la Kiingereza linalotaja silaha hiyo ndilo lile lile linalotaja machimbo ya Kariandusi. Mwanafunzi wa tafsiri aliyelelewa Gilgil akikutana nalo katika taarifa ya habari, picha ya kwanza inayomjia ni ya shimo na sururu, wala si ya meli inayozama.

Makala haya yanakusudia kufafanua bomu la kutegwa majini, kituo kinachotumiwa kulichunga na kuliongoza, na nafasi ya Kiswahili katika kuyaeleza mambo hayo. Hoja yake kuu ni kwamba jambo la msingi katika silaha hii si ukubwa wa mlipuko, bali ni kuwapo au kutokuwapo kwa mtu anayeweza kuuzuia. Istilahi isiyoonyesha tofauti hiyo humpotosha msomaji.

Mgodi ulivyogeuka kuwa bomu

Uhusiano wa mgodi na bomu haukuzuka kwa bahati. Katika vita vya kuzingira ngome huko Ulaya, wachimbaji walipitisha shimo chini ya ukuta wa adui, wakalijaza baruti na kuilipua. Kilichoitwa mgodi mwanzoni ni shimo. Baadaye jina likahamia kwenye baruti iliyokuwamo. Hatimaye likashika kila kilipuzi kinachofichwa na kumngoja adui, kiwe ardhini au majini. Shimo likasahauliwa, jina likabaki.

Kariandusi yenyewe ina mkono wake katika historia ya vilipuzi, ingawa kwa njia ya jamaa wa mbali. Udongo mweupe unaochimbwa pale ni diatomaiti, yaani masalia ya mimea midogo mno ya majini iliyozama na kurundikana katika sakafu ya ziwa la kale. Udongo wa aina hiyo hiyo, uliochimbwa Ujerumani, ndio Alfred Nobel aliotumia kuifyonza nitrogliserini, kimiminika kilichokuwa kikilipuka kwa kutikiswa tu. Mchanganyiko huo ndio dainamaiti, aliyoipatia hataza mwaka 1867. Inafaa izingatiwe kwamba ugunduzi wa Nobel haukuwa wa kuongeza nguvu ya mlipuko. Ulikuwa wa kuufanya mlipuko usubiri amri ya mtu. Suala hilo hilo la amri ndilo linaloongoza historia ya bomu la majini.

Bomu lisilo na mlinzi

Bomu la majini la kawaida ni chombo cha chuma kilichojazwa kilipuzi. Aina ya kale huelea chini kidogo ya uso wa maji, likiwa limefungwa kwa mnyororo kwenye uzito ulio sakafuni mwa bahari. Juu yake huchomoza pembe za risasi. Ndani ya kila pembe mna kichupa cha kioo chenye tindikali; meli ikiikunja pembe, kichupa huvunjika, tindikali hutiririka na kuzalisha umeme, na umeme huo hulipua bomu. Bomu halimuulizi mtu jina wala bendera.

Aina za baadaye hazihitaji hata kuguswa. Mwishoni mwa mwaka 1939 Waingereza waliopoa bomu la Kijerumani lililoangukia kwenye tope la Shoeburyness, wakalifungua na kukuta kwamba lilisubiri badiliko la sumaku linaloletwa na chuma cha meli ipitayo juu yake. Yalifuata mabomu yanayosikiliza mvumo wa injini, na mengine yanayopima badiliko la shinikizo la maji. Mabomu ya namna hii hulala sakafuni, hayaonekani, na baadhi yake huweza kuhesabu meli kadhaa zikapita kabla ya kulipuka.

Ubaya wa silaha hii ni umri wake mrefu. Tarehe 14 Aprili 1988, manowari ya Marekani, USS Samuel B. Roberts, ilipasuliwa na bomu katika Ghuba ya Uajemi. Bomu hilo lilikuwa la muundo uliobuniwa Urusi mwaka 1908. Miaka minne kabla ya hapo, kati ya Julai na Septemba 1984, meli za biashara zipatazo 19 za mataifa mbalimbali zilidhurika katika Bahari ya Shamu na Ghuba ya Suez, njia inayozileta Mombasa na Dar es Salaam meli zitokazo Ulaya. Nyingi ya meli hizo hazikuwa na ugomvi na mtu yeyote. Wahenga walikwisha kulisema hili: mtego wa panya huingia waliomo na wasiokuwemo.

Kituo cha uangalizi na udhibiti

Je, mtego waweza kutegwa usimnase asiyekuwemo? Swali hili ndilo lililozaa bomu linaloongozwa. Katika miaka ya 1840, Mmarekani Samuel Colt, yule wa bastola, alionyesha kwamba kilipuzi kilicho majini kinaweza kulipuliwa kwa umeme unaopitishwa kwenye waya kutoka nchi kavu. Kuanzia hapo bomu na mlinzi wake waliunganishwa.

Mfumo huo ulipevuka katika ngome za pwani za Marekani. Mabomu yalitegwa katika mafungu ya 19. Kila bomu liliungwa kwa waya na sanduku la mgawanyo lililokuwa chini ya maji, na kebo moja ikatoka kwenye sanduku hadi chumba cha udhibiti kilichofukiwa pwani. Vituo viwili vya uangalizi, vilivyotengana kwa umbali uliopimwa, viliielekezea meli darubini kwa wakati mmoja na kutaja pembe zao. Mistari miwili ikachorwa kwenye ramani, na pale ilipokatana ndipo meli ilipo. Msimamizi alikuwa na hiari tatu: kuliacha fungu limelala ili meli za nyumbani zipite, kuliamsha lakini lisilipuke, bali litoe ishara tu linapoguswa, au kulilipua kwa amri yake, hata kama halijaguswa.

Udhaifu wa mpangilio huo ni kwamba uliyategemea macho. Macho hayaoni katika ukungu, hayaoni usiku, na hayaoni nyambizi. Kwa sababu hiyo uangalizi wenyewe ulilazimika kushuka chini ya maji. Vikatandazwa vitanzi vya kebo sakafuni mwa milango ya bandari. Chombo cha chuma kikivuka juu yake, sumaku yake huzalisha umeme kidogo unaotikisa kalamu ya mtambo ulio pwani. Pamoja na vitanzi vikawekwa vinasa sauti vya majini. Sauti husafiri majini kwa kasi ya takriban mita 1,500 kwa sekunde, zaidi ya mara nne ya kasi yake hewani, na mvumo wa rafadha husikika kabla chombo hakijaonekana.

Kituo cha chini ya maji kwa maana kamili ni muungano wa sehemu hizo: masikio yanayonasa sauti na sumaku, mtambo unaozichambua dalili ili kutofautisha jahazi na manowari, kebo inayopeleka habari kwa msimamizi, na njia ya kurudisha amri yake kwa mabomu. Kwa kuwa mawimbi ya redio hufifia upesi katika maji ya chumvi, amri hiyo hupita ama kwenye kebo ama kwa mlio maalumu wa sauti unaotambuliwa na bomu. Sehemu ya thamani kuliko zote ni ile inayowezesha kusema “acha”.

Hata hivyo, isidhaniwe kwamba mitambo inamwondolea binadamu jukumu. Jioni ya tarehe 31 Mei 1942, kitanzi cha kebo katika bandari ya Sydney, Australia, kilinakili upitaji wa nyambizi ndogo ya Kijapani. Kalamu iliandika, lakini dalili ile haikutiliwa maanani kwa kuwa vyombo vidogo vilikuwa vikipitapita. Usiku huo mabaharia 21 walifariki katika meli ya HMAS Kuttabul. Mtambo ulisikia, ila hakuna aliyeusikiliza.

Kisa cha Tanga, Novemba 1914

Pwani ya Waswahili inao mfano wake, nao ni wa pekee kwa kuwa mabomu yenyewe hayakuwapo. Tarehe 2 Novemba 1914 manowari ya Kiingereza, HMS Fox, ilifika Tanga ikiutangulia msafara wa askari wapatao 8,000 kutoka India. Nahodha wake, Caulfeild, alimwarifu mkuu wa wilaya wa Kijerumani, Auracher, kwamba mapatano ya kutoishambulia bandari yamefutwa. Katika mazungumzo hayo nahodha aliulizia pia kama bandari imetegwa mabomu. Jibu alilopewa halikumwondolea shaka.

Kutokana na shaka hiyo, maji ya bandari yalianza kufagiliwa kutafuta mabomu, na askari wakashushiwa Ras Kasone, nje ya bandari yenyewe. Saa zilizopotea zilikuwa za thamani. Von Lettow-Vorbeck alipata nafasi ya kuwaleta askari wake kwa reli kutoka Moshi. Mapigano makubwa ya tarehe 4 Novemba, ambamo nyuki waliotibuliwa mizingani waliwashambulia askari, yalimalizika kwa ushindi wa Wajerumani waliokuwa na askari wapatao 1,000 tu. Hakuna bomu hata moja lililopatikana bandarini.

Mabomu hayakuwa sababu pekee ya kushindwa huko. Maandalizi duni na uongozi mbaya vilichangia. Lakini kisa chenyewe chafundisha kwamba silaha iliyofichwa hufanya kazi yake kwanza katika akili ya mtu. Aidha, chaonyesha uzito wa neno moja linalojibiwa kwa ukungu katika mazungumzo ya watu wa lugha mbili.

Sheria na suala la mlinzi

Sheria ya kimataifa nayo imejengwa juu ya tofauti hiyo hiyo. Mkataba wa Nane wa The Hague wa mwaka 1907 ulikataza kutega mabomu ya kugusana yasiyofungwa nanga, isipokuwa yawe yameundwa kupoteza makali katika muda usiozidi saa moja baada ya mtegaji kupoteza udhibiti wake. Mabomu yaliyofungwa nanga yalitakiwa yasiwe na madhara mara tu yanapokatika. Neno udhibiti ndilo lililobeba uzito wa sharti hilo.

Mkataba wa Ottawa wa mwaka 1997, ambao Kenya iliuridhia mwaka 2001, unahusu mabomu ya ardhini dhidi ya watu, wala haugusi ya baharini. Hata hivyo mantiki yake inafanana: unachopiga marufuku ni bomu linalolipuliwa na mwathiriwa mwenyewe kwa kulikanyaga au kulikaribia, na si lile linalolipuliwa kwa amri ya mtu. Mapitio ya kwanza ya mkataba huo yalifanyika Nairobi, mwishoni mwa mwaka 2004.

Istilahi zinazofaa

Kwa kuzingatia hayo, kutafsiri jina la silaha hii kuwa “mgodi wa majini” ni kosa, maana msomaji ataelewa machimbo ya mafuta au madini baharini. “Bomu la majini” ni afadhali, ila laweza kuchanganywa na bomu linalorushwa kutoka manowari. “Bomu la kutegwa majini” ndilo bora, kwa kuwa kitenzi tega kinatoa picha ya kuficha na kungoja, nacho humkumbusha msomaji kwamba penye mtego pana mtegaji.

Juu ya msingi huo inawezekana kuunda jozi ya istilahi: “bomu ongozwa” kwa lile lililo chini ya amri ya kituo, na “bomu jilipuzi” kwa lile linalolipuka lenyewe. Kituo chenyewe kinaweza kuitwa “kituo chungaji cha majini”, kwa kuwa kuchunga ni kuangalia na kuongoza kwa pamoja. Mapendekezo haya yanahitaji kujadiliwa na kupimwa katika matumizi.

Hitimisho

Mnamo Machi 2022, mabomu yaliyokuwa yakielea Bahari Nyeusi yalionekana karibu na pwani za Uturuki na Romania. Bahari hiyo ndiyo inayopitisha ngano ya Urusi na Ukraine, ambayo ni sehemu kubwa ya ngano inayoagizwa na Kenya. Kwa hiyo mnyororo uliokatika huko, bila kituo cha kuuona wala mkono wa kusema “acha”, unamgusa hata mnunuzi wa mkate katika duka la Gilgil. Siku taarifa kama hiyo itakapomfikia mwanafunzi wa tafsiri wa Kariandusi, kazi yake itakuwa kumwambia msomaji mambo mawili kwa maneno yasiyo na ukungu: ni kitu gani kilichofichwa majini, na kama yuko mtu anayekichunga.