Je, Wajua? Vyeo vya Kijeshi vya Viongozi, Kuanzia Nandete hadi Nachingwea

Je, wajua kwamba Jakaya Kikwete aliwahi kuwa Katibu wa CCM wa Wilaya ya Nachingwea, mkoani Lindi, huku akiwa bado mwanajeshi? Ilikuwa 1986 hadi 1988. Miaka miwili kabla alikuwa mkufunzi mkuu wa siasa na kamisaa katika Chuo cha Kijeshi Monduli. Enzi ya chama kimoja jambo hilo halikumshangaza mtu. Hata uwaziri aliuanza akiwa na cheo chake cha jeshi. Vyama vingi vilipoingia mwaka 1992, akastaafu jeshi akiwa Luteni Kanali. Anayemwandika "Kanali Kikwete" anampandisha cheo ambacho jeshi halikumpa. Anayemwita mwanasiasa mtupu anamfutia utumishi wake. Wote wawili wamekosea.

Je, wajua kwamba leo mwanajeshi kuwa katibu wa chama haingewezekana? Ibara ya 147 ya Katiba yetu inamkataza mwanajeshi kujiunga na chama chochote cha siasa. Kura anaruhusiwa kupiga. Na ibara hiyo inapotaja mwanajeshi, polisi, magereza na JKT wamo.

Je, wajua kwamba Amiri Jeshi Mkuu si cheo cha kupanda ngazi kwa ngazi? Ni madaraka ya Rais. Mwalimu Nyerere hakuwahi kuwa askari, naye ndiye aliyekuwa Amiri Jeshi Mkuu katika Vita vya Kagera, 1978 hadi 1979.

Adui yake katika vita hivyo, Idi Amin, alidai kwamba alipigana Burma katika Vita Kuu ya Pili. Aliingia Keya, jeshi la kikoloni la Waingereza, mwaka 1946. Vita vilikuwa vimekwisha 1945! Uluteni aliupata kweli, mwaka 1961. Cheo cha Fildi Masha alijipa mwenyewe. Mimi naona dai la Burma ndilo baya zaidi, maana vijana wa Afrika Mashariki walikufa kule kwelikweli, na heshima yao haiazimwi.

Samora Machel je? Huyu alikuwa askari wa kweli: Nachingwea alikuwa kamanda wa wapiganaji wa FRELIMO waliopigania uhuru wa Msumbiji. Mafunzo yake ya kijeshi aliyapata Algeria.

Na Kilwa? Wengi humwita Kinjikitile Ngwale jemadari wa Maji Maji. Mapigano yalianza Nandete, katika vilima vya Umatumbi, mwishoni mwa Julai 1905. Wajerumani walimnyonga Kinjikitile huko Mohoro tarehe 4 Agosti mwaka huohuo, na vita vikaendelea hadi 1907 bila yeye. Alikuwa mganga, na dawa yake iliunganisha makabila ambayo hayakuwahi kusimama pamoja. Sifa hiyo inamtosha, tusimvishe magwanda.

Msomaji wa Kilwa, Mchinga au Lindi mjini, mgombea akikwambia jukwaani kwamba alikuwa jeshini, muulize: jeshi gani, mwaka gani, na ulitoka na cheo gani?