Siku saba za kurudisha mali: Zahesabiwa kuanzia lini?

Na Mwandishi Wetu, Mtwara

"MALI ikishauzwa hairudishwi." Maneno hayo yamechapwa chini ya risiti za maduka mengi nchini, na kwa miaka mingi hayakuleta ubishi mkubwa. Mteja alisimama mbele ya kaunta, akaishika bidhaa, akaijaribu, akaomba kupunguziwa bei, ndipo akatoa fedha. Akifika nyumbani na kujuta, alijilaumu mwenyewe.

Biashara ya mtandao imeupindua utaratibu huo. Muuzaji aliyeko Shangani anaweka picha ya bidhaa kwenye simu, na mnunuzi aliyeko Newala au Masasi analipa kwa simu kabla hajaigusa. Ukaguzi unakuja baada ya malipo. Kwa sababu hiyo wauzaji wengi wameachana na lile tangazo la zamani, na sasa wanatoa muda wa kurudisha mali: siku tatu, siku saba na kadhalika.

Tatizo ni kwamba ahadi hiyo huishia hapo. Haisemi siku ya kwanza ni ipi. Je, ni siku mteja alipolipa? Ni siku mzigo ulipokabidhiwa ofisi ya basi? Au ni siku mteja alipoufungua? Kwa mfanyabiashara wa Kariakoo anayemuuzia mtu wa Ilala, siku zote tatu zinaweza kuwa moja. Kwa sisi wa Mtwara, ambao mali ya Dar es Salaam hutufikia kwa safari ya zaidi ya kilomita 500, tofauti yake ni fedha.

Hesabu ya mtu wa katikati

Tuchukue mfano. Mfanyabiashara wa Shangani anaagiza kwa simu mashine 10 za kupulizia dawa mikorosho kutoka kwa muuza jumla wa Dar es Salaam. Kila moja inamgharimu shilingi 400,000 hadi kumfikia, naye anaiuza shilingi 450,000. Faida anayoitarajia ni shilingi 500,000.

Muuza jumla anaandika risiti Jumatatu na kupeleka mzigo kwenye basi. Sharti lake ni siku saba tangu tarehe ya risiti. Mzigo unafika Mtwara, unachukuliwa, unagawanywa, na mashine moja inamfikia mkulima wa Tandahimba siku ya Jumamosi. Mfanyabiashara wetu naye amemwahidi mkulima huyo siku saba, lakini tangu kupokea.

Hapo ndipo hesabu inapopinda. Muda wa muuza jumla unakwisha Jumatatu inayofuata. Muda wa mkulima unakwisha Jumamosi ya wiki hiyo hiyo. Kati yake kuna siku tano ambazo mkulima ana haki ya kurudisha mashine, lakini mfanyabiashara hana pa kuipeleka. Mashine ikigoma kuwaka Alhamisi, yeye ndiye atakayebaki nayo.

Tazama gharama yake. Faida ya mashine tisa nyingine ni shilingi 450,000. Toa shilingi 400,000 za mashine iliyokwama, inabaki shilingi 50,000. Akitumia shilingi 30,000 kuipeleka Dar es Salaam kubembeleza, na ikarudishwa vile vile ilivyo, faida ya mzigo mzima ni shilingi 20,000. Mashine moja kati ya 10 imekula msimu.

Kanuni inayotokana na mfano huu ni rahisi: usimpe mteja wako siku ambazo wewe mwenyewe hukupewa. Kabla ya kutangaza muda wa kurudisha mali, jua umepewa siku ngapi na aliyekuuzia, zinaanza lini, na mzigo wako hutumia siku ngapi njiani.

Barabara nayo ni mshirika

Anayehesabu siku tangu kutuma mzigo anamtwika mpokeaji hatari yote ya njiani. Mei 2024, mvua zilizoambatana na kimbunga Hidaya ziliikata barabara ya kusini katika eneo la Somanga, mkoani Lindi, na magari ya kwenda na kutoka Mtwara yalikwama. Mzigo uliotumwa siku hizo kwa sharti la siku tatu tangu kutumwa ungeweza kumaliza muda wake wote ukiwa ndani ya gari, kabla mnunuzi hajaona hata boksi lake.

Sharti la namna hiyo linaonekana kama muda wa kurudisha mali, lakini kwa mtu wa Mtwara ni sawa na lile tangazo la zamani la risiti.

Sheria inasemaje

Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, imekuwapo tangu enzi za ukoloni na msingi wake ni sheria ya Uingereza ya mwaka 1893. Ni ya zamani, lakini mambo yake manne yanagusa moja kwa moja ubishi huu.

Kwanza, pale muuzaji anaporuhusiwa au kutakiwa kusafirisha mali, kuikabidhi kwa msafirishaji huhesabiwa kwa kawaida kuwa ameikabidhi kwa mnunuzi. Hii ndiyo nguvu ya muuzaji anayesema, "Mimi nilimaliza kazi yangu pale stendi."

Pili, na hapa ndipo muuzaji huyo husahau, mnunuzi ambaye hakuikagua mali kabla hahesabiwi kuwa ameikubali mpaka apate nafasi ya kutosha ya kuikagua. Kukabidhiwa ni jambo moja, na kukubali ni jambo jingine. Mtu hawezi kukagua mashine iliyofungwa ndani ya boksi chini ya basi.

Tatu, mnunuzi akikaa na mali kwa muda unaofaa kupita bila kumwarifu muuzaji kwamba anaikataa, huhesabiwa ameikubali. Muda unaofaa ni upi? Sheria inasema hilo hutegemea mazingira ya kila shauri. Samaki wabichi hawawezi kupewa muda wa mashine. Kwa hiyo mteja anayekaa kimya, akiitumia mali na kusubiri hadi akwazike ndipo apige simu, anajidhoofisha mwenyewe.

Nne, mnunuzi mwenye haki ya kukataa mali, akiikataa, halazimiki kuirudisha yeye mwenyewe isipokuwa wamekubaliana hivyo. Inatosha kumjulisha muuzaji. Jambo hili lina uzito mkubwa huku kwetu, kwa sababu mivutano mingi inaweza kuanza pale mteja anapotoa taarifa siku ya tano, lakini mzigo ukamfikia muuzaji siku ya tisa. Muda wa kutoa taarifa na muda wa mzigo kurudi ni vitu viwili, na viandikwe kila kimoja mahali pake.

Ikumbukwe pia kuwa wafanyabiashara wanaweza kuyabadili mengi ya mambo hayo kwa makubaliano yao. Aliyekubali sharti kwa maandishi bila kulisoma asitegemee kwamba hakimu atamsomea upya.

Kuna pia Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, ambayo inatambua mikataba na kumbukumbu za kielektroniki. Inamtaka muuzaji wa mtandaoni kujitambulisha na kueleza bidhaa na bei yake, na inampa mlaji haki ya kufuta muamala katika mazingira iliyoyataja. Lakini angalia neno "mlaji". Mkulima anayenunua kwa matumizi yake anaweza kujikinga kwa sheria za mlaji. Mfanyabiashara anayenunua ili auze tena asiegemee hapo. Kinga yake kubwa ni makubaliano yake na muuza jumla.

Wenzetu wanahesabuje

Nchi nyingine zimemaliza ubishi huu kwa kuitaja siku ya kwanza. Afrika Kusini, kwa sheria yake ya mwaka 2002, ilimpa mlaji siku saba kufuta manunuzi mengi ya mtandaoni. China iliweka siku saba mwaka 2014. Umoja wa Ulaya una siku 14 za kutoa taarifa, kisha siku nyingine 14 za kurudisha mali. Idadi zinatofautiana, lakini kote huko siku za bidhaa huhesabiwa tangu mlaji anapopokea.

Hata hapa Mtwara tunaujua msingi wake. Tangu msimu wa 2007/2008, korosho zetu zimekuwa zikiuzwa kwa stakabadhi ghalani. Zao hupimwa na kupangwa daraja ghalani kabla ya mnada. Ubishi wa ubora unatafutiwa jibu kabla fedha hazijatoka. Biashara ya mtandao haiwezi kufanya hivyo, kwa hiyo ni lazima iutenge muda wa ukaguzi baada ya mali kufika.

Andika kabla ya kupokea fedha

Ushauri wa safu hii kwa muuzaji ni kuandika sentensi tatu na kumtumia mteja kabla hajalipa. Mfano: "Siku saba zinaanza siku unayochukua mzigo ofisi ya basi. Taarifa ya ubovu itolewe kwa ujumbe wa maandishi ndani ya siku hizo, pamoja na picha. Nauli ya kurudisha mali mbovu ni ya muuzaji, na ya mteja aliyebadili mawazo ni ya mteja." Weka pia ukomo wa kuchukua mzigo, ili asiwepo mtu wa kuuacha stendi wiki mbili kisha adai siku zake ndiyo kwanza zinaanza.

Kwa mnunuzi, tunza stakabadhi ya basi yenye tarehe, fungua mzigo siku ile ile, na piga picha kabla ya kuwasha. Kasoro ukiiona, andika ujumbe. Usipige simu tu. Simu husahaulika, ujumbe hubaki.

Kwa mwenye mtaji mdogo anayefikiria kuingia biashara hii, swali la kumuuliza muuza jumla baada ya bei si "Unatoa siku ngapi?" Muulize, "Zinaanza lini?" Asipotaka kulijibu kwa maandishi, jumlisha hatari hiyo kwenye bei, au tafuta mwingine. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Siku nazo ni mali.