Komine ni ya nani? Safari ya makuta ya soko mpaka kwenye bajeti

Kila asubuhi, mu masoko yetu, kuko mutu mwenye kupita na kitabu cha tike mkononi. Mama mwenye kuuza sombe anatoa falanga, anapewa kakaratasi, anakaweka chini ya beseni, na biashara inaendelea. Karibu kila mutu wa soko anajua bei ya kale kakaratasi. Lakini ni wangapi wanajua nani alipanga ile bei, nani anahesabu makuta mangaribi, na nani iko na haki ya kusema kama bei ni kubwa sana?

Jibu la maulizo haya liko mu biro moja tunayoipita kila siku: biro ya komine. Wengi tunafikaka pale tu wakati tunatafuta karatasi, ao wakati tumeitwa juu ya ugomvi wa parsele. Leo tueleze komine ni kitu gani, inapaswa kufanya nini, na juu ya nini huku kwetu mashariki kiti moja cha lazima kimebaki wazi.

Komine si mtoto wa gavana

Katiba ya Februari 18, 2006, mu kifungu cha 3, inataja aina ine za entite zenye kujitawala: mji, komine, sekta na sheferi. Kila moja iko na uwezo wake wa kisheria, makuta yake na watumishi wake. Kartie na lokalite haziko mu ile orodha. Zenyewe ziko chini ya komine, sekta ao sheferi, na hazina bajeti yao.

Sheria namba 08/016 ya Oktoba 7, 2008 njo inaeleza kazi ya zile entite. Inasema kama makao makuu ya teritware ni komine, na pia vipande vya mji ni komine. Senta ingine yenye watu 20 000 ao zaidi inaweza kuwa komine kama waziri mkuu ametia sahihi dekreti. Ni vile senta kama Oicha, Mangina, Kirumba na Kanyabayonga, kule Kivu ya Kaskazini, zilipata jina la komine ya vijijini.

Kubadilisha jina si kitu kidogo. Senta ikiwa komine, inatoka chini ya sheferi ao sekta, na kodi ambayo ilikuwa inaenda kwa mwami inaanza kuenda kwa burgumesta. Njo maana pahali pengine mambo ya komine mupya yalileta mabishano makali.

Viti viwili: mwenye kuamua na mwenye kutenda

Kufuata sheria, komine iko na vyombo viwili.

Cha kwanza ni baraza la komine. Wenye kukaa mule ni washauri, wenye wengi tunaita "konseye". Wanachaguliwa na raia kwa kura, kwa muda wa miaka mitano. Baraza linakutana mu kikao cha kawaida kila miezi mitatu. Linajadili na kupitisha bajeti, linaangalia mambo ya kodi, na linaita burgumesta aeleze namna makuta yametumika.

Cha pili ni serikali ndogo ya komine: burgumesta, msaidizi wake, na maesheve wawili. Sheria inasema burgumesta na msaidizi wake wanachaguliwa na baraza, kisha gavana anawathibitisha kwa areti. Wao njo wanatekeleza yale baraza limeamua.

Tuseme mifereji ya soko imejaa takataka na mvua ya Septemba imeanza kukaribia. Serikali ya komine inaandika: tunahitaji makuta kiasi hiki ya kufungua mifereji. Baraza linauliza: makuta itatoka wapi? Mwaka jana tulitoa ngapi, na kazi ilifika wapi? Kama wameelewana, inaingia mu bajeti. Kisha gavana, kama mlezi wa komine, anaangalia kama mambo yamefuata sheria. Kwa mambo mazito kama bajeti, kodi mupya na madeni, ile ruhusa inatakiwa mbele ya kuanza. Kwa mambo mengine, gavana anaangalia nyuma.

Kuko pia mutu wa tatu ambaye raia hawamujue sana: mwenye kutunza sanduku. Burgumesta anatoa amri ya kulipa, lakini si yeye wa kushika makuta. Mutu moja akiamuru, akishika na akihesabu, hakuna tena mwenye kuona kama kuko kosa.

Kazi za kila siku

Kazi za komine haziko za ajabu. Ni masoko ya mtaa, usafi na takataka, mifereji, barabara ndogo za ndani, parkingi, kupigana na mmomonyoko wa udongo, na biro ya eta sivili.

Tusimame kidogo kwa eta sivili, juu pale wazazi wengi wanapotezaka haki ya mtoto. Mtoto akizaliwa, mzazi iko na siku 90 za kumuandikisha. Mu ile muda, akti ya kuzaliwa ni bure. Siku 90 zikipita, inaomba kwanza kupita tribinali kutafuta hukumu, na pale gharama na safari zinaanza. Mama mwenye kukimbia vita na mtoto mchanga mgongoni hawezi kukumbuka siku 90. Lakini bila ile karatasi, kesho mtoto atasumbuka kuonyesha yeye ni nani.

Kuko pia kazi zenye tunadai kwa burgumesta lakini haziko zake. Barabara kubwa za taifa, kama RN2 ao RN5, ziko mu mikono ya Office des Routes. Maji ya bomba ni mambo ya REGIDESO mahali iko, na umeme ni SNEL ao kampuni zingine. Mshahara wa mwalimu wa shule ya serikali unatoka Kinshasa. Tukijua hii, tutapiga mlango wenye unahitajika, na burgumesta naye hataweza kujificha nyuma ya Kinshasa kwa kazi ambayo ni yake.

Makuta inatoka wapi?

Komine iko na vijito vitatu vya makuta.

Kijito cha kwanza ni sisi wenyewe: kodi ya meza mu soko, kodi ya parkingi, malipo ya karatasi na zingine. Lakini burgumesta hawezi kuamka asubuhi na kutunga kodi mupya. Katiba, kifungu cha 174, inasema kodi inawekwa na sheria tu. Orodha ya kodi zenye jimbo na entite za chini zinaweza kudai iko mu sheria yenye kuitwa "ordonnance-loi" namba 18/004 ya Machi 13, 2018. Kodi haiko mu ile orodha? Basi haina miguu ya kusimama, hata kama mwenye kuiomba amevaa kofia ya serikali.

Kijito cha pili kinatoka juu. Katiba, kifungu cha 175, inasema asilimia 40 ya mapato ya taifa ni ya majimbo, na inapaswa kubaki jimboni bila kupanda Kinshasa. Sheria ya 2008 inaongeza: mu ile sehemu ya jimbo, entite za chini ziko na haki ya asilimia 40. Tuhesabu pole pole. Kwa kila falanga 100 za mapato ya taifa, 40 ni za majimbo. Mu zile 40, falanga 16 ni za kugawanya kati ya miji, komine, sekta na sheferi. Hiyo ni sheria. Kwa matendo, Kinshasa inakusanya yote, kisha inarudisha, na yenye kurudi inakuja kidogo, inachelewa, ao inakosa kabisa kufika chini. Njo maana komine nyingi zinaegemea sana mgongo wa mama wa soko.

Kijito cha tatu ni cha mahali kuko madini. Kodi ya madini ya 2018 inatoa asilimia 15 ya malipo ya makampuni ya kuchimba kwa entite ya pale wanachimba. Jimbo linapata asilimia 25, serikali kuu asilimia 50, na asilimia 10 inawekwa juu ya vizazi vya kesho. Lakini hii inafuata kampuni yenye kulipa. Dhahabu yenye kupita usiku mu mfuko haiachie komine kitu.

Sasa turudi kwa kale kakaratasi. Tuchukue mfano tu: soko yenye meza 200, kila meza falanga 200 kwa siku, siku 26 kwa mwezi. Inafanya falanga 1 040 000 kwa mwezi. Kwa mama moja ni kidogo. Kwa wote pamoja, ni makuta yenye kuweza kulipa vijana wa kuondoa takataka. Lakini kama nusu ya meza zinalipa bila kupewa tike, ile nusu haitaonekana mu kitabu chochote. Mangaribi itahesabiwa mu nyumba ya mutu.

Kiti chenye kubaki wazi

Tangu katiba ya 2006, raia wa Kongo waliitwa kuchagua washauri wa komine mara moja tu: Desemba 20, 2023. Na ile kura ilipigwa mu komine za makao makuu ya majimbo tu, kama zile za Bukavu na Kindu. Komine za vijijini hazikuguswa. Kule, burgumesta ameteuliwa, na hakuna baraza lenye kumuuliza.

Kwa Kivu ya Kaskazini na Ituri kuko jambo lingine. Tangu Mei 6, 2021, hali ya hatari, yenye tunaita "etat de siège", ilianza, na imeendelea kuongezwa. Wasivili waliondolewa mu viti vya ugavana, vya teritware, vya miji na vya komine, na maofisa wa jeshi na polisi wakawekwa. Kisha, mu Januari na Februari 2025, Goma na Bukavu ziliingia mu mikono ya AFC/M23, na wao pia waliweka watu wao kwa uongozi.

Kwa mama wa soko, majina ya wakubwa yamebadilika, lakini shida yake ni ile ile: mwenye kupanga bei ya tike hakuchaguliwa na yeye, na hakuna mushauri wa mtaa wake mwenye kusimama na kuuliza. Bajeti inaandikwa mu biro, inapanda kwa wakubwa, inarudi na kashe. Si kusema kila mwenye kuteuliwa ni mwizi. Kuko wenye kufanya kazi vizuri. Lakini hata mutu mwema anahitaji mwenye kumuuliza.

Na sisi je?

Kukosa baraza hakufungi kinywa cha raia. Mu Kivu ya Kusini kulikuwa mfano wa "bajeti ya ushirika". Miaka ya 2010, mu entite kadhaa, komine ya Ibanda ikiwa kati yao, wakaaji waliitwa mu mikutano ya kartie, ingine kwa ujumbe wa simu, wachague wenyewe kazi ya kwanza ya kufanya na sehemu ya makuta ya komine. Watu wakiona mufereji ao daraja dogo lenye walichagua limejengwa, kulipa kodi kunapunguza uchungu.

Haiombi mradi mkubwa kuanza. Kamati ya wauzaji, kikundi cha vijana, wamotari, wakubwa wa kartie wanaweza kuandika barua moja, kuweka sahihi za watu, kuipeleka kwa sekretere wa komine na kubaki na kopi yenye kashe ya kupokea. Mu ile barua waulize, kwa heshima:

- Kodi hii inaegemea sheria gani, na bei yake iko mu areti gani?
- Mwezi uliopita, soko letu liliingiza falanga ngapi?
- Bajeti ya mwaka huu inaweka ngapi kwa takataka na mifereji?
- Bei za kodi zinaweza kubandikwa kwenye mlango wa soko, watu wote wasome?
- Ni siku gani burgumesta anaweza kukutana na wauzaji?

Na kwa kila mutu kuko kitu kimoja cha kufanya kesho asubuhi: usilipe bila kupewa karatasi. Angalia kama iko na namba, tarehe na kashe. Kama mwenye kukusanya anakuambia "nipe nusu, tuache tike," anakusamehe falanga mia, lakini ile ingine haifike kwa komine. Na mvua ikianguka, maji yatapita chini ya meza yako, si mu nyumba yake.

Zile tike zisitupwe. Mama moja akiweka za mwezi mzima mu kopo, iko na tike 26. Wamama kumi wakileta makopo yao kwenye mkutano na burgumesta, mbele yake kutakuwa tike 260 za kuhesabu.