Filamu kama Kazi ya Kikosi: Misingi kwa Mwanafunzi wa Kiswahili

Utangulizi

Katika vyuo vyetu vikuu, filamu imezoeleka kusomwa kama matini iliyokwisha kukamilika. Tunachambua maudhui, wahusika na mtindo, kisha tunahitimisha. Ni nadra mwanafunzi wa fasihi kuulizwa ni nani aliyeshika maikrofoni. Makala haya yanaeleza misingi ya utengenezaji wa filamu kwa vitendo, kwa kutumia mifano ya Bumula, Kaunti ya Bungoma. Hoja yetu ni kwamba anayejifunza filamu hana budi kuanza na zile kazi ambazo mtazamaji hazioni.

Mgawanyo wa kazi

Kikosi kidogo chaweza kuendeshwa na watu sita. Mtayarishaji hutafuta fedha, usafiri, chakula na vibali, kwa kuwa Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani ya Kenya (Sura ya 222) hudai leseni. Mwongozaji huamua jinsi hadithi itakavyosimuliwa. Mpiga picha husimamia kamera na mwanga, naye fundi wa sauti hunasa mazungumzo. Mtunza mfululizo huandika kila kipande kilichopigwa na hali ya kila kitu ndani yake. Mwisho, mhariri huviunga vipande hivyo.

Mafunzo ya namna hii yamezaa matunda nchini. Warsha za One Fine Day Films, zilizoanzishwa na Tom Tykwer na Marie Steinmann kwa ushirikiano na kampuni ya Ginger Ink ya Nairobi, ziliwaweka wanagenzi chini ya mafundi wazoefu. Kutokana na mpango huo tulipata Soul Boy (2010) iliyoongozwa na Hawa Essuman, Nairobi Half Life (2012) ya David "Tosh" Gitonga, na Supa Modo (2018) ya Likarion Wainaina.

Tukio lisilorudiwa

Tuchukue tohara ya Wabukusu, ambayo hufanyika mwezi wa Agosti wa miaka shufwa. Mtahiriwa hukesha akiimbiwa. Alfajiri hupelekwa mtoni kupakwa tope, kisha hurejeshwa nyumbani kwa wimbo. Kikosi kinachotaka kurekodi safari hiyo hakina nafasi ya kusema, "Turudie." Mpiga picha mmoja hawezi kuufuata umati na papo hapo kuutangulia, hivyo kamera moja huwekwa njiani na nyingine nyumbani. Katika giza la alfajiri, kamera duni hutoa picha yenye chembechembe, basi mwanga hujaribiwa siku iliyotangulia. Fundi wa sauti naye hupima kiwango kwa kufuata mlio mkubwa zaidi, yaani kengele za chinyimba, wala si sauti ya mzee anayenong'ona. Juu ya yote, mtayarishaji hukubaliana mapema na wazazi na wazee kuhusu mahali ambapo kamera itazimwa. Kisu na mwili wa mtoto si vitu vya kuonyeshwa.

Sauti na upatanisho

Filamu ya kuigiza huruhusu kurudia, lakini si daima. Wakati mmoja mwandishi wa makala haya aliwasaidia vijana wa Bumula kutengeneza filamu fupi. Kumi walitaka kuigiza, wawili kuongoza, na hakuna aliyetaka maikrofoni. Picha zilipendeza. Tulipofika kwenye uhariri, tukakuta neno la mwisho la mama kwa mwanawe, ambalo hadithi nzima ililiegemea, limemezwa na mngurumo wa pikipiki. Aliyeigiza mama alikuwa amekwisha kusafiri. Kazi ile haikuonyeshwa kamwe.

Tangu hapo tumejifunza kuvaa vipokea sauti vya masikioni muda wote, kurekodi mazungumzo ya ndani asubuhi kabla mvua ya alasiri haijapiga mabati, na kunasa dakika moja ya kimya cha chumba ili mhariri apate cha kuzibia nyufa.

Kazi ya mtunza mfululizo, kwa upande wake, yafanana na upatanisho wa kisarufi. Kikombe kilichoshikwa kwa mkono wa kulia katika kipande cha kwanza hakiwezi kuhamia kushoto katika cha pili bila sababu. Mwanafunzi ambaye sikio lake hushtuka asikiapo "kiti imevunjika" tayari anao msingi wa ujuzi huu.

Hitimisho

Tamasha la kitaifa la drama la shule za Kenya sasa hushirikisha filamu. Hivyo basi, wengi wetu tutakaporudi shuleni kufundisha tutaombwa kuongoza vikosi hivi, na wanafunzi watatutazama sisi. Kidole kimoja hakivunji chawa. Chama chochote cha Kiswahili chaweza kuanza na zoezi dogo: watu sita, simu moja, maikrofoni moja na onyesho la dakika mbili. Onyesho hilo lipigwe mara sita, na kila mmoja abadilishe kazi kila mara. Anayetaka kuongoza na aanze na maikrofoni.