Kamba Fupi Kando ya Genge



Asubuhi ya leo nataka tutembee pamoja kando ya bahari, na tutakuwa na mbwa. Najua wengine wenu mtaguna. Kwetu mbwa ni mlinzi wa boma. Mchana hufungwa, usiku hufunguliwa, na mgeni huonywa na kibao cha langoni. Mtu kutembea na mbwa maili nyingi kwa kujifurahisha tu ni jambo geni vijijini mwetu, ingawa wanaosoma vitabu vya Apokrifa watamkumbuka kijana Tobia, aliyesafiri na malaika na mbwa akafuatana nao.

Mimi nilijifunza jambo hili nilipokuwa mgeni wa mchungaji mmoja mstaafu huko Cornwall, katika pembe ya kusini-magharibi ya Uingereza. Mzee huyo alikuwa na mbwa jike wa jamii ya wachunga kondoo, mweusi mwenye mabaka meupe, jina lake Meg. Magoti ya mzee yalikuwa yamechoka, basi akaniomba nimtembeze Meg kila asubuhi. Akanipa kamba, akasema, "Kasisi, ukifika juu ya magenge usimfungue."

Kwanza niwaeleze njia yenyewe. Huanzia Minehead, ikazunguka pwani yote ya Cornwall, na kuishia kwenye mdomo wa bandari ya Poole. Urefu wake ni kilomita 1,014. Hupanda na kushuka kila penye bonde, hata ukijumlisha vilima vyote utakuwa umepanda kiasi cha mita 35,000, yaani karibu mara saba ya kimo cha Mlima Kenya. Tena njia hiyo hukaa ukingoni kabisa mwa magenge, na kuna sababu. Zamani watu wa magendo walikuwa wakishusha mizigo usiku katika vihori vya pwani ile. Kikosi cha walinzi wa pwani kilipoundwa mwaka 1822, askari wake walipaswa kuchungulia kila kihori, na ilibidi wapite pale ambapo jicho laweza kuona chini. Miguu yao ndiyo iliyokanyaga sehemu kubwa ya njia hiyo.

Halafu kuna upepo. Sisi tunajua kusi na kaskazi, kila mmoja na miezi yake. Kule upepo wa kusini-magharibi hutoka Bahari ya Atlantiki na huweza kuvuma majira yoyote ya mwaka. Miti michache iliyoko imelala kuelekea bara kama watu waliogeuza migongo, kwa maana chumvi inayorushwa na upepo huua machipukizi ya upande wa bahari.

Asubuhi ya tatu nilimwonea Meg huruma. Alikuwa akinitazama, akiitazama kamba, na mbele yetu palikuwa na uwanja mpana wa majani mafupi. Nikajiambia kwamba mbwa huyu ni mtiifu, na mara zote nyumbani akiitwa huja. Nikamfungua.

Kwa kitambo alikwenda vizuri. Ndipo shakwe mmoja akaruka kutoka majanini, akaelekea baharini, na Meg akamfuata. Nilimwita kwa nguvu zangu zote, lakini upepo ulikuwa ukinipiga usoni ukaichukua sauti yangu nyuma. Hata sikio lake halikugeuka. Shakwe alipita juu ya ukingo akaendelea kuruka hewani, na Meg akatoweka.

Nilipofika nililala kifudifudi nikachungulia. Alikuwa amesimama juu ya kijukwaa cha mwamba, kama urefu wa watu wawili chini yangu, akitetemeka. Chini yake mawimbi yalikuwa yakipasuka. Nilianza kugeuka ili nishuke kwa miguu, na hapo mama mmoja msafiri akanishika koti kwa nyuma. "Usishuke," akasema. "Tutakuwa na wawili wa kuokoa." Akachukua simu yake, akapiga 999, akaomba walinzi wa pwani.

Wasikilizaji wapenzi, shaurini neno hili la mama yule. Walinzi wa pwani wa Uingereza huwaonya watu kila mara: mbwa wako akianguka gengeni, usimfuate, piga simu. Watu wamekufa wakijaribu kuwashukia mbwa wao. Huzuni zaidi ni kwamba mara nyingine mbwa hujipandia mwenyewe na kumkuta mwenyewe hayupo.

Nililala pale nikimwambia Meg, "Kaa." Na hili ndilo lililonishangaza: sasa alinisikia. Nilikuwa karibu, sina haja ya kupaza sauti. Alijilaza, akaweka kichwa juu ya miguu, akanitazama. Hatimaye walifika watu wa uokoaji, wengi wao ni watu wa kujitolea wenye kazi zao za kila siku. Walipigilia vigingi ardhini mbali na ukingo, wakafunga kamba mbili, na mmoja wao akashuka. Alimpandisha Meg akiwa amemkumbatia kifuani.

Nilirudi kwa mzee nikamwambia yote. Hakunifokea. Alimpapasa Meg miguu kutafuta majeraha na kupe, ndipo akasema, "Hapa nyumbani sauti inatosha. Kule juu upepo huila."

Tangu siku hiyo nilijitahidi kujifunza desturi za kutembea na mbwa pwani ile, na nikaona kwamba karibu kila moja ina kisa nyuma yake. Ukingoni kamba huwa fupi, kwa sababu majani huota yakining'inia kupita mwisho wa udongo, na mbwa anayemtazama ndege haoni mahali ardhi inapokoma. Upepo utokao bara huhofiwa kuliko utokao baharini, maana husukuma kuelekea genge. Karibu na St Just na Botallack kuna migodi ya kale ya bati, na mashimo yake hayaonekani vizuri vichakani, basi mbwa hukaa njiani. Mtu hubeba maji ya kunywa ya mbwa, kwa kuwa akinywa maji ya bahari huugua. Upande wa Minehead, siku za bamvua, bahari hupanda na kushuka zaidi ya mita 9, na kwetu Mombasa ni kiasi cha mita 3 hadi 4. Kwa hiyo hakuna anayeshuka ufuoni na mbwa bila kutazama kwanza saa za kujaa na kupwa.

Kamba pia ni kwa ajili ya wengine. Kondoo jike mwenye mimba akifukuzwa na mbwa huweza kuharibu mimba, hata kama hakuumwa. Sheria ya mwaka 1953 humhesabia kosa mwenye mbwa anayesumbua mifugo shambani. Katika ardhi za wazi zilizofunguliwa kwa watembeaji na sheria ya mwaka 2000, tangu 1 Machi hadi 31 Julai kamba isizidi mita 2, kwa kuwa ndege wengi hutaga chini majanini. Aina moja ya kunguru, mwenye mdomo na miguu ya rangi nyekundu, alikuwa ametoweka Cornwall kwa karibu miaka 30. Alirudi mwaka 2001, na mwaka uliofuata akalea makinda katika magenge ya Lizard. Nyumba ya namna hiyo yafaa kupitwa kwa adabu.

Lakini lipo pia agizo la kuifungua. Ng'ombe wakikujia kwa kasi, hasa wenye ndama, mwachilie mbwa mara moja. Wanamwandama yeye, naye ana mbio kuliko wewe. Anayeng'ang'ania kamba saa hiyo hujiangamiza pamoja naye. Kamba iliwekwa kwa ajili ya uhai, na mwenye kuishika sharti ajue ni saa gani.

Nimewaambia haya kwa sababu moja. Nyumbani kwangu nina kijana wa miaka 16. Alipoanza kuwa na marafiki nisiowajua, mimi niliongeza sauti. Nilimkemea nikiwa mlangoni, nikamkemea kwa simu nikiwa safarini katika kazi za kanisa, nikashangaa kwa nini hageuzi hata sikio. Pale gengeni, nikiwa nimelala kifudifudi, nilitambua kwamba huenda hakuwa mkaidi. Nilikuwa mbali, na upepo ulikuwa mkali.

Niliporudi Kenya nilifuta safari mbili. Jioni tunatembea, yeye na mimi, mpaka dukani na kurudi. Siku nyingine hasemi neno. Mwenye kushika kamba naye amefungwa upande wake, hawezi kwenda kwa mwendo wake peke yake. Hayo nayo nilifundishwa na Meg, aliyekuwa akisimama kunusa kila jiwe.

Leo, ewe baba, ewe mama, kabla ya kumpazia mtu sauti, pima kwanza umbali uliopo kati yenu. Kisha sogea.

Tuombe. Ee Bwana, wewe uliyetukaribia tulipokuwa ukingoni, utufundishe kuwakaribia wale uliotupa kuwatunza. Amina.